Deni Hufuata Chombo

Jumamosi ya tarehe 22 Januari 2022, abiria wapatao 300 wa meli ya kitalii iitwayo Crystal Symphony walitarajia kushuka Miami, Marekani. Walikuwa wamemaliza wiki mbili za kula, kucheza na kuota jua katika visiwa vya Karibi. Lakini Miami hawakufika. Nahodha aligeuza usukani, na meli ikaenda kujificha Bimini, kisiwa cha Bahamas kilicho mwendo mfupi tu kutoka pwani ya Florida. Kesho yake abiria walipakiwa kwenye feri, wakavushwa katika bahari iliyochafuka hadi Port Everglades, wengine wakitapika njia nzima.

Hapakuwa na dhoruba wala hitilafu ya injini. Miami kulikuwa na amri ya mahakama inayoisubiri meli hiyo. Jaji Darrin Gayles wa mahakama ya shirikisho alikuwa amekubali ombi la kampuni ya kuuza mafuta ya meli, Peninsula Petroleum Far East, iliyodai kwamba kampuni ya Crystal na washirika wake hawajalipa dola milioni 4.6 za mafuta. Karibu dola milioni 1.2 kati ya hizo zilikuwa za mafuta yaliyotiwa ndani ya Symphony yenyewe. Kama meli ingeingia bandarini, maofisa wa mahakama wangepanda na kuishika hapohapo.

Crystal haikuwa kampuni ya mitaani. Ilianzishwa mwaka 1988 na Wajapani wa NYK, ikajijengea jina kwa watalii wenye fedha, kisha mwaka 2015 ikauzwa kwa Genting Hong Kong kwa dola milioni 550. Genting nayo ilikuwa na ndoto kubwa: ilinunua viwanda vya kuunda meli huko Ujerumani na kuanza kuunda meli kubwa kupita kiasi. Kisha likaja janga la korona, meli za kitalii zikafungiwa bandarini dunia nzima, na fedha zikakauka. Januari 2022 viwanda vya Ujerumani vilitangaza kufilisika, na siku chache baadaye Genting yenyewe ikaenda Mahakama ya Juu ya Bermuda kuomba wafilisi. Crystal Symphony ilikuwa bado baharini wakati huo, bendi ikipiga muziki.

Kujificha hakukusaidia sana. Symphony na dada yake, Crystal Serenity, zilikwenda Freeport, Bahamas, na mwanzoni mwa Februari zote mbili zikashikwa kwa amri ya mahakama ya huko. Abiria walikuwa wamekwisha kwenda zao. Mabaharia walibaki.

Hapa ndipo mtu wa nchi kavu anapopata shida ya kuelewa. Benki ikimdai mtu nyumba, nyumba inaweza kukaa mwaka mzima imefungwa kufuli, kesi ikiendelea, bila kumgharimu mtu sana. Meli iliyoshikwa ni kama ng'ombe aliyefungwa zizini: hata asipokamuliwa, anakula. Jenereta lazima ziwake, la sivyo hakuna taa, hakuna maji, hakuna pampu za kutoa maji yanayoingia. Sheria inataka wawemo mabaharia wa kutosha kuilinda, nao wanakula na kudai mishahara. Bandari inatoza ada ya gati kila siku. Bima inaendelea kudaiwa. Chumvi inakula chuma. Kila siku inayopita, deni linapanda na thamani ya meli inashuka, mpaka ifike mahali mistari hiyo miwili inapokutana. Ndiyo maana mahakama za bahari zilijifunza mapema kuuza upesi, mara nyingi kabla kesi yenyewe haijaamuliwa. Meli inauzwa, fedha zinawekwa mahakamani, halafu wadai wanagombana juu ya fedha badala ya kugombana juu ya chuma kinachooza.

Na mshtakiwa katika kesi hizi huwa ni meli yenyewe. Jambo hili lina mantiki yake. Mwenye meli anaweza kuwa kampuni iliyoandikishwa Liberia, inayomilikiwa na kampuni nyingine ya Visiwa vya Marshall, yenye ofisi Athens, mabaharia wake wakitoka Ufilipino na India. Mfanyabiashara wa Mombasa au Dar es Salaam aliyeiuzia mboga, nyama na maji safi atamfuata nani, na katika mahakama ya nchi gani? Kesho alfajiri meli imeng'oa nanga. Sheria ya bahari ikampa njia fupi: asihangaike kumtafuta mwenye chombo, akishike chombo. Mwenyewe, akiwa bado anakitaka, atajitokeza na dhamana mkononi. Asipojitokeza, chombo kitanadiwa.

Zamani ofisa wa mahakama alipanda melini na kuupigilia waraka wa mashtaka kwenye mlingoti kwa misumari. Siku hizi hubandikwa kwa gundi kwenye dirisha la chumba cha usukani, lakini maana ni ileile.

Minada yenyewe nayo ina historia ya kuchekesha. Katika Uingereza ya karne ya 17 meli zilinadiwa kwa mshumaa. Kipande cha urefu wa inchi moja kiliwashwa, watu wakataja bei, na aliyetaja bei ya mwisho kabla moto haujazimika ndiye aliyeondoka na meli. Samuel Pepys, karani mkuu wa ofisi ya jeshi la majini, alihudhuria mnada wa namna hiyo Novemba 1660, wakati serikali ilipouza meli zake mbili, Indian kwa pauni 1,300 na Half Moon kwa pauni 830. Hizo hazikuwa meli za wadaiwa, ila utaratibu ndio uliotumika sokoni kote. Pepys aliandika katika shajara yake kwamba watu walichocheana kutaja bei, kisha mwishoni wote wakapiga kelele kwa pamoja, na ikawa taabu kujua nani alikuwa wa mwisho. Miaka miwili baadaye, katika mnada mwingine, alimwona mtu mmoja mjanja kuliko wenzake. Alipomuuliza siri yake, aliambiwa kwamba moto ukitaka kuzimika moshi hushuka chini. Mjanja huyo alikuwa haangalii moto, anaangalia moshi.

Mshumaa ulipokwisha kuachwa, swali lililobaki lilikuwa zito zaidi: mnunuzi anapata nini hasa? Jibu lilijengwa kwa kesi mbili za karne ya 19.

Ya kwanza ilihusu meli iitwayo Tremont, mwaka 1841. Jaji alikuwa Stephen Lushington, ambaye nje ya mahakama alijulikana kama mmoja wa wapiganaji wa kukomesha utumwa. Lushington alisema kwamba meli ikiuzwa na mahakama ya bahari, mnunuzi anapata umiliki unaosimama mbele ya dunia nzima, na mahakama za nchi nyingine zinapaswa kuutambua. Madeni ya zamani hayamfuati tena. Yanaihama meli na kuhamia kwenye fedha za mauzo.

Kesi ya pili ilionyesha kwa nini jambo hilo ni la thamani kubwa. Desemba 1848, katika mlango wa mto Humber mashariki mwa Uingereza, meli ya mvuke iitwayo Bold Buccleugh iliigonga merikebu William na kuizamisha. Kabla ya shauri kumalizika, wenye Bold Buccleugh waliiuza kwa mtu mwingine ambaye hakujua lolote kuhusu ajali ile. Mnunuzi akatoa fedha zake, akachukua meli yake, na muda si mrefu akaona inashikwa kwa kosa lililotendeka kabla hajaiona. Alilalamika hadi Baraza la Rufani mjini London. Mwaka 1851 akashindwa. Sir John Jervis alieleza kwamba dai la namna hiyo linashikamana na chombo tangu siku ya tukio na kusafiri nacho kokote kiendako, mikononi mwa yeyote, awe anajua au hajui.

Mfanyabiashara wa meli akizisoma kesi hizo mbili pamoja anapata somo rahisi. Ukinunua meli kwa mapatano ya kawaida, umenunua pia madeni usiyoyaona: mishahara ambayo haikulipwa Karachi, mgongano uliotokea Santos. Ukiinunua kwa nyundo ya mahakama, unaipata safi kama ilivyotoka kiwandani. Kwa sababu hiyo mahakama yenye sifa ya uaminifu inaweza kuiuza meli ya mufilisi na wanunuzi wakaja mbio.

Walikuja mbio Bahamas. Mwezi Juni 2022, miezi minne hivi baada ya kushikwa, Symphony na Serenity zilipata mnunuzi chini ya usimamizi wa mahakama: Serenity kwa dola milioni 103 na Symphony kwa dola milioni 25. Mnunuzi alikuwa A&K Travel Group, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kutabasamu. Herufi hizo ni za Abercrombie & Kent, kampuni ya safari iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1962 na kijana Geoffrey Kent pamoja na wazazi wake, kazi yao ikiwa ni kuwapeleka wageni mbugani. Abercrombie hakuwapo kamwe. Jina hilo lilibuniwa ili kampuni itokee mwanzoni mwa orodha, mahali jicho la mteja linapoanzia. Miaka 60 baadaye kampuni hiyo, ikiwa na mshirika wake Manfredi Lefebvre d'Ovidio wa Italia, ilikuwa ikinunua meli mbili za kifahari kwenye mnada wa madeni. Mwaka 2023, baada ya ukarabati, Serenity iliondoka Marseille na Symphony ikaondoka Athens, zikiwa na majina yaleyale na bila deni la mafuta.

Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa nani? Kila nchi ina foleni yake, lakini kwa jumla zinafanana. Anayetangulia ni mahakama yenyewe, kwa gharama za kuitunza na kuiuza meli. Wanafuata mabaharia kwa mishahara yao na waokoaji kama walikuwapo. Kisha benki iliyoshika rehani, ambayo mara nyingi hukomba kilichobaki. Muuza mafuta, muuza vyakula na fundi husimama nyuma ya benki, na abiria aliyelipa nauli ya safari ambayo haitafanyika husimama nyuma kabisa, akiomba Mungu au kampuni ya kadi yake ya benki.

Foleni hiyo ndiyo vita halisi ya kesi hizi, kwa sababu hubadilika kufuatana na bandari. Kisa cha Halcyon Isle kinafundisha. Mwaka 1974 meli hiyo ya Uingereza ilitengenezwa na kiwanda kimoja huko New York, ikaondoka bila kulipa. Muda mfupi baadaye ikawekwa rehani kwa benki ya London. Mwaka huohuo ikashikwa Singapore, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa amri ya mahakama, lakini fedha hazikutosha kuwalipa wote. Kwa sheria ya Marekani fundi wa meli ana dai linalong'ang'ania chombo na kuitangulia rehani ya namna hiyo. Kwa sheria ya Singapore, iliyorithiwa kwa Waingereza, fundi hana upendeleo huo. Mwaka 1980 Baraza la Rufani la London lilimaliza ubishi kwa kura tatu dhidi ya mbili: sheria ya bandari inayouza ndiyo inayopanga foleni. Benki ikashinda, fundi akakosa. Tangu hapo mawakili wa madai ya meli wamekuwa wakizitazama ramani za safari kwa makini kama manahodha, wakingoja chombo kiingie katika nchi ambayo sheria yake inawapendelea wateja wao.

Mombasa nayo ina kesi yake, na pengine ndiyo maarufu kuliko zote hizi kwa wanasheria wa Kenya, ingawa wengi wanaoitaja hawakumbuki kwamba ilihusu meli. Katika miaka ya 1980 kampuni ya mafuta ya Caltex iliifungulia mashtaka meli ya MV Lillian S kwa madai ya mafuta. Sheria ya Kenya inaipa Mahakama Kuu mamlaka ya mahakama ya bahari, si kwa bahari kuu na maji ya pwani tu, bali hata kwa maziwa na mito inayopitika. Wenye meli walipinga: mahakama haina mamlaka juu ya dai hili. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na Novemba 1989 Jaji Nyarangi akaamua kwamba suala la mamlaka lazima liamuliwe mwanzo kabisa. Mahakama isiyo na mamlaka haina ruhusa ya kupiga hata hatua moja zaidi, ni kuweka kalamu chini. Tangu siku hiyo hukumu ya Lillian S hunukuliwa katika mashauri ya uchaguzi, ya mashamba, ya talaka na ya ajira. Meli imesahaulika, deni limesahaulika, kanuni imebaki.

Tuseme basi mnada umefanyika vizuri, nyundo imepigwa, madeni yamefutika. Bado ng'ombe anakula.

Hakuna chombo kilichothibitisha hilo kama meli ya abiria SS United States. Ilikamilika mwaka 1952 kwa gharama ya dola milioni 78, serikali ikitoa sehemu kubwa, na katika safari yake ya kwanza ikavuka Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, ikaivunja rekodi ya Queen Mary. Ndege zikaiua biashara yake, ikapumzishwa mwaka 1969. Mwaka 1978 mfanyabiashara wa Seattle aliinunua kwa dola milioni 5 akiwa na mipango mizuri ambayo haikutimia. Mwaka 1984 viti, sahani, vitanda na mapambo yake yalinadiwa kuwalipa wadai, na hiyo pia haikutosha. Tarehe 27 Aprili 1992 maofisa wa mahakama ya Marekani waliinadi meli yenyewe. Bei iliyofikiwa ilikuwa dola milioni 2.6, kwa meli iliyogharimu milioni 78 miaka 40 kabla, tena bila kuhesabu kushuka kwa thamani ya fedha. Wanunuzi wapya waliikokota hadi Uturuki, wakairudisha, ikauzwa tena na tena, na tangu 1996 ikakaa Philadelphia ikidaiwa kodi ya gati. Mwaka 2021 mwenye gati aliipandisha kodi kutoka dola 850 hadi 1,700 kwa siku. Kesi ikafunguliwa, na Juni 2024 jaji akaamuru meli iondoke. Wilaya moja ya Florida ikainunua ili iizamishe iwe makazi ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Ilikokotwa kutoka Philadelphia tarehe 19 Februari 2025.

Yote hayo, hata hivyo, ni masaibu ya vyombo vyenye thamani au vyenye jina. Utaratibu mzima wa kushika na kunadi unategemea tamaa ya mdai: kwamba kuna mtu ambaye faida yake iko katika kuisukuma kesi, kulipia gharama za mwanzo, na kungoja fedha. Meli ikiwa chakavu kiasi kwamba bei yake haifikii hata gharama za kuiuza, hakuna wa kusukuma. Benki inasamehe. Mwenye meli anazima simu. Meli inabaki mikononi mwa mahakama isiyo na bajeti na mabaharia wasio na nauli.

Mwezi Julai 2017 meli ya mizigo iitwayo MV Aman, yenye bendera ya Bahrain, ilishikwa katika bandari ya Adabiya, Misri, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vilikuwa vimekwisha muda. Lilikuwa tatizo la kutatuliwa haraka kama fedha zingekuwapo. Hazikuwapo, mafuta hayakulipiwa, na mahakama ikamteua ofisa mmoja wa meli, raia wa Syria, kuwa mlinzi wa chombo kisheria. Alitia sahihi karatasi ambayo hakuielewa uzito wake. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, yeye akazuiwa, kwa kuwa mlinzi hawezi kuacha anachokilinda. Meli haikuwa na umeme. Mwaka 2020 dhoruba ilipoisukuma karibu na ufuko, aliweza angalau kuogelea hadi nchi kavu kununua chakula na kuchaji simu. Mama yake alifariki dunia akiwa humo. Aliruhusiwa kwenda kwao Aprili 2021 tu, karibu miaka minne baadaye, baada ya mwakilishi wa shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi kukubali kuchukua jukumu hilo badala yake.

Na kisha kuna Rhosus.

Meli hii iliundwa Japani mwaka 1986, na ilipofika mwaka 2013 ilikuwa mzee mwenye bendera ya Moldova. Septemba ya mwaka huo iliondoka Batumi, Georgia, ikiwa na tani 2,750 za ammonium nitrate, kemikali inayotumika katika mbolea na baruti. Shehena ilikuwa inakwenda upande wetu wa dunia: Beira, Msumbiji, kwa kiwanda cha baruti cha nchi hiyo. Lakini mwendesha meli hakuwa na fedha za kutosha kulipia Mfereji wa Suez. Akamwagiza nahodha, Mrusi Boris Prokoshev, apitie Beirut kupakia mitambo mizito ya kupeleka Jordan, ili nauli ya mitambo ilipe ada ya mfereji. Mitambo ilipoanza kuwekwa, sitaha ikaonyesha kwamba haiwezi kuibeba. Kazi ikasimama. Wakaguzi wa bandari wakaikagua meli, wakaona kasoro nyingi, wakaizuia kusafiri. Wadai waliposikia imekwama, wakaenda mahakamani kuishika.

Mpaka hapo ni kisa cha kawaida kabisa, kinachotokea katika bandari nyingi kila mwaka. Kilichopaswa kufuata ni kilekile kilichofuata Freeport: tathmini, tangazo, mnada, fedha mahakamani. Badala yake mwenye chombo alikitelekeza. Nahodha na mabaharia watatu walibaki kama wafungwa, na Prokoshev akalazimika kuuza sehemu ya mafuta ya meli ili amlipe wakili. Waliachiliwa mwaka 2014, baada ya jaji kukubali kwamba maisha yao yamo hatarini. Oktoba mwaka huo shehena ilishushwa na kuwekwa katika ghala namba 12 la bandari.

Wadai walipoteza hamu. Haikuwapo bei ya kuifukuzia: chuma kilichochoka, ada za bandari zinazozidi kupanda, na mzigo ambao hakuna aliyejitokeza kuuchukua. Kati ya 2014 na 2017 maofisa wa forodha waliandika barua baada ya barua kwa majaji, wakipendekeza mzigo urudishwe nje, upewe jeshi au uuzwe kwa kampuni ya baruti ya Lebanon. Barua zilizunguka kati ya ofisi na ofisi. Rhosus haikuuzwa. Februari 2018 ilizama palepale bandarini.

Tarehe 4 Agosti 2020, saa 12 jioni, ghala namba 12 lililipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, zaidi ya 6,000 walijeruhiwa, na wapatao 300,000 walipoteza makazi. Lawama za mlipuko huo ni nyingi na zinawahusu wengi, kuanzia wanasiasa hadi walinzi wa ghala, na haitakuwa haki kuziegemeza zote kwenye mnada ambao haukufanyika. Lakini chanzo cha mzigo ule kuwapo Beirut ni hicho: chombo kilichoshindwa kulipa ada ya mfereji, kikashikwa, na kisipatikane mtu wa kukimaliza.

Desemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba kuhusu mauzo ya meli yanayofanywa na mahakama, na Septemba 2023 ukafunguliwa kwa sahihi mjini Beijing. Siku hiyo nchi 15 zilitia sahihi, China na Singapore zikiwamo, na majirani zetu wa Komoro pia. Mkataba unayafanya aliyoyasema Lushington kuwa wajibu: meli ikiuzwa kihalali katika nchi mwanachama, mnunuzi anapewa cheti, na wanachama wengine wanapaswa kuifuta katika daftari la zamani na kutoishika tena kwa madeni yaliyotangulia mnada. Ni jambo jema kwa wanunuzi, na kwa benki, kwa kuwa bei zitapanda. Haumlazimishi jaji yeyote kuuza, wala hausemi lolote kuhusu meli ambayo hakuna anayeitaka.

Kinga ya baharia iko kwingine, katika mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Tangu Januari 2017 mkataba huo unataka kila meli inayohusika iwe na bima ya kulipa mishahara ya hadi miezi minne na nauli ya kurudi nyumbani, endapo mwenye meli atawatelekeza watu wake. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe mahali pa wazi ndani ya meli, kikiwa na maelezo ya Kiingereza. Kijana wa Tanga, Lamu au Unguja anayepewa mkataba wa kazi melini na wakala mwenye haraka aulize cheti hicho kabla ya kutia sahihi, na akipanda asikione ukutani, ashuke kabla kamba za gati hazijafunguliwa.